Damu Yangu Imenikana

Jumanne, Nyamisangura. Tangu asubuhi mawingu yamejaa na mvua hainyeshi. Hata mimi nimejaa hivyohivyo.

Nina wivu. Nimeshaandika, basi.

Boke, mke mwenzangu, akila embe midomo inamvimba. Miaka yote dawa yake ilikuwa asile embe. Lakini mume wetu, Marwa, alipopata dhahabu shimoni, jambo la kwanza alimpeleka Boke Kisii kupimwa damu. Siku mbili ng'ambo ya mpaka! Karudi na karatasi imeandikwa mzio wa embe, na kila mgeni lazima aione, hata asiyejua kusoma.

Mimi nimezaa watoto watano na sijawahi kupelekwa popote kwa ajili ya kuwashwa.

Ndipo nikasema ndizi zinaniwasha koo. Nilichagua ndizi kwa sababu tunazila kila siku. Nilitaka ugonjwa mkubwa kuliko wa Boke. Nikajikuna shingo hadi ikatoka alama. Marwa hakubisha. Tulienda Kisii, nikatolewa damu, na wakati wa kurudi alinishika mkono hadi mpakani, Sirari. Nilisikia raha, sitadanganya.

Kesho yake nikasikia panga nyuma ya nyumba yangu. Marwa alikuwa anakata migomba yote, ile niliyoipanda mwaka nilioolewa, kwa miche niliyopewa na mama.

"Sitaki kitu cha kukuua kikae karibu na mlango wako," akasema, jasho linamtoka.

Mwembe wa Boke hakuugusa. Nililiona hilo kwanza, kabla ya migomba yangu, na nilifurahi. Halafu nikaingia ndani nikalia.

Leo majibu yamefika. Sina mzio wa tunda lolote. Marwa ameisoma karatasi mara mbili, nami nimeinamisha kichwa nikingoja matusi. Boke alikuwa mlangoni, macho kodo.

"Mashine yao mbovu," Marwa akasema. "Mimi nimekuona kwa macho yangu ukijikuna. Tutapima tena."

Boke akaondoka zake. Nilichokitaka nimekipata: mume wangu ananiamini mimi kuliko damu yangu.

Pale kwenye visiki machipukizi yameanza kutoka, matatu, bado madogo. Marwa ameyaona jioni hii. Amelitoa jembe, ameliegemeza ukutani kwangu, anasema asubuhi atang'oa hadi mizizi.

Kinywa changu kilichosema uongo kirahisi vile, kitaweza kusema kweli kabla Marwa hajalinyanyua jembe?