Saa ya Wanawake Bwawani

Jumatano, 11 Juni 2025

Goti bado linakataa kukunja. Tangu ile boda boda iniangushe karibu na soko la mifugo, naswali nimekaa kwenye kiti kama bibi. Leo Madam Nakuam, fizio wa hospitali, amelishika akalisukuma polepole — nikauma ncha ya hijabu! Anasema kano imepona, ila goti limekaza, na nikiendelea kuliogopa litabaki hivyo. Dawa yake ni maji. Nitembee ndani ya maji yanayofika kifuani, kila wiki, mpaka lilegee. Likilegea, muhula wa tatu narudi shuleni. Lisipolegea, nabaki, kwa sababu bweni letu liko ghorofani.

Kitabu cha fizikia kinakubaliana naye: maji hukusukuma juu, uzito unapungua. Nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimeingia bwawani! Ni la hoteli ile ya barabara kuu. Mama alimwomba meneja, Ridwan, atufungie lango asubuhi, wanaume wasiingie. Dera langu lilifura majini kama puto, Mama akacheka hadi akakaa chini. Tukalifunga kwa leso.

Halafu nikatembea. Bila magongo. Mguu ulikuwa mwepesi, kama nimeuazima kwa mtu mwingine. Nilikunja goti, likakunja! Kidogo tu, lakini likakunja. Nikageuka kumwonyesha mtu, Mama alikuwa anaongea kwenye simu.

Wakati wa kutoka, Ridwan alimwita Mama kando. Hawezi kufukuza wateja kwa ajili ya mtu mmoja, alisema. Jumamosi ijayo tuje kikundi, na saa hiyo itakuwa ya wanawake kila wiki. Nikija peke yangu tena, basi, imekwisha. Mama akasema hilo si neno, atatafuta watu.

Jumanne, 17 Juni 2025

Mama amekwenda kijijini kwao, Biliqo. Mjomba wake amefariki, inna lillahi. Hatarudi kabla ya Jumapili.

"Waulize wewe," aliniambia akifunga begi. "Goti ndilo linalouma, Ikra, si ulimi."

Niwaulize kina nani? Rafiki yangu Faiza yuko bwenini na simu haziruhusiwi. Kaka Abdirahman hurudi baada ya isha, anakula, analala. Leo sijaongea na mtu ila kuku. Riwaya nimeimaliza, nimeianza tena.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Nilimwandikia Farhiya wa nyumba ya pili, aje nami bwawani. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Amejibu: "Zii. Nywele." Yaani hataki, nywele zitaloa.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Darsa ya akina mama, hapa mtaani kwetu Kiwanjani. Sisi wa magoti mabovu tunakaa nyuma, kwenye viti vya plastiki — mimi na kina akko, mabibi wa Kiborana. Kila Ijumaa nakaa kati yao na sisemi kitu. Leo tu ndipo nimeona: kila mmoja pale anashika goti lake!

Nilipanga maneno kichwani darsa nzima. Ilipokwisha yakapotea. Wakaanza kutafuta fimbo zao. Bahati nzuri Akko Tiya, yule mnene mwenye miwani, ndiye aliyeanza. Akaniuliza kama napaka mafuta ya mkia wa kondoo.

"Napaka, akko. Lakini daktari amesema maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kuingia. Bwawani. Pale hotelini."

Wakacheka! Akko Mako akasema mzee wake akisikia amevua viatu hotelini, atakwenda kwao kudai ng'ombe wote wa mahari, mmoja mmoja. Mwingine akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema haraka haraka: ni wanawake tu, lango linafungwa, unaingia na nguo zako, ukiwa ndani huna uzito. Sauti ilikuwa ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri. Hakuna aliyesema ndiyo. Akko Tiya aliuliza tu kama maji ni baridi. Nikasema kidogo. Akanyanyuka, akaondoka.

Ningesema si baridi. Kwa nini sikusema si baridi?

Jumamosi, 21 Juni 2025

Naandika hapa kwenye benchi la bwawa. Abdirahman ameniacha langoni akaenda kazini. Hakuna mtu. Ridwan amepita, akatazama viti vitupu, akatazama saa. Amesema atangoja kidogo, halafu anawafungulia wateja wote. Amesema kwa upole, ndiyo mbaya zaidi.

Maji yametulia kabisa. Siwezi hata kuingia peke yangu, ngazi zinateleza.

Kuna kelele langoni. Soja, mlinzi wa hoteli, anamzuia mtu.

"Maziwa tumeshanunua, mama! Rudini kesho."

"Maziwa gani? Wewe naona kibuyu kwa mkono yangu?"

Ni Akko Tiya! Akko Mako yuko nyuma yake, na wengine, na fimbo, na mifuko ya nguo.

"Sisi nataka maji."

"Mfereji uko kule nje, mama."

"Maji ya kuingia!"

Soja anacheka. Ridwan haonekani. Soja ameshika lango, anataka kulifunga. Akko Mako anasema kwa Kiborana kwamba aliwaambia, hapa si mahali pao, twendeni. Wengine wanageuka.

Magongo yangu yapo hapa kando. Naandika ili nisiinue kichwa. Akko Tiya ameingiza fimbo kwenye lango, ananielekezea mimi.

"Yule! Uliza yule mtoto!"

"Wewe msichana," soja anaita. "Hawa ni watu wako?"

Naweka kalamu, nachukua magongo, nakwenda kumwambia ndiyo, ni wangu.