Mama, Kompyuta Inasema Ulinizaa Ukiwa na Miaka Tisa

Mpendwa Mama,

Kwanza nakusalimu, halafu nitakugombeza. Ukiwa hai nisingethubutu, lakini sasa umelala nyuma ya migomba na huwezi kunirushia mwiko. Ule umri uliompa karani wa vitambulisho zile enzi, mama, umenirudia mimi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu ajabu. Ilianzia kwa chifu, ikapita ujana wako wote na mazishi yako pia, ikanifikia mimi mbele ya dirisha la vitambulisho hapa Nyeri, nimeshika kopi za karatasi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai.

Kadi yangu ilipotea, au niseme ilipotezwa. Niliingia jengo moja mjini kuulizia mbegu ya viazi, nikamwachia bawabu kitambulisho getini kama ilivyo kawaida, na niliporudi alikuwa amempa mwanamke mwingine. "Lakini mnafanana, mama," akaniambia. Kisha, kwa moyo mwema kabisa, akanipa kadi ya yule mwanamke niitumie kwanza. Unajua nilivyomjibu. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nilidhani ni jambo la kupigwa picha na kungoja. Lakini siku hizi masharti yamekazwa hadi yanauma. Wanataka cheti cha kuzaliwa, na mimi ulinizalia jikoni. Wasiokuwa na cheti walete kadi za wazazi. Kwenye foleni, mzee mmoja kutoka Skuta aliambiwa alete ya babake. Babake, mama, alizikwa zamani, na kadi pekee aliyowahi kuwa nayo ni kile kipande cha wakoloni cha kuning'iniza shingoni. "Alikitupa mtoni siku ya uhuru, na sisi tukapiga makofi," mzee alisema. "Sasa mnataka nikakivue mtoni kama samaki?" Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja kutoka Chuka, ameolewa Gatitu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ameambiwa arudi kwao akathibitishwe na wazee waliomwona akizaliwa. Alikuwa akicheka peke yake, kile kicheko cha mtu aliyebakiza kidogo kulia.

Nami nilikuwa na haraka yangu. Kamati ya soko kule Karatina imeamua kila mwenye nafasi aandikishwe upya, na kadi halisi mkononi. Asiyekuwa nayo kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yake inapewa mwingine. Na nafasi yenyewe ni yako, mama. Ni pale karibu na lango, ulipokaa juu ya debe lililopinduliwa ukauza nduma, magimbi ya mtoni, hadi magoti yakakataa. Debe bado lipo, na mimi ndiye ninayelikalia sasa. Asubuhi zingine mteja wa zamani hupita, akaniangalia, akaniita kwa jina lako, "Nyaguthii", kabla hajajirekebisha. Hilo jina ndilo nililoogopa kulipoteza. Nduma zinaweza kuuzwa popote.

Basi nikatoa kopi ya kadi yako. Kijana wa dirishani akaandika, akatazama, akaandika tena.

"Mathe, system imekataa."

"Imekataa nini?"

"Inasema mama yako alikuzaa akiwa na miaka tisa. Sasa ama hii si kadi ya mama yako, ama wewe si mtoto wake."

"Basi ambia hiyo system yako mama yangu hakuwahi kuwa mtoto. Alizaliwa na jembe mkononi."

Alicheka sana, lakini hakuandika hilo popote.

Nilirudi nyuma nikaketi kwenye ukuta, na nikaiona ile siku. Nilikuwepo, mama. Walikuja kuandikisha watu kwa chifu, nawe ukavaa ile sketi ya kanisa, ukaniambia nikinyamaza utaninunulia mandazi. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa rafiki yako mkubwa na adui yako mkubwa, Mama Nyawira. Karani alimuuliza umri, naye, na watoto wanne nyumbani, akasema kumi na tisa. Nilikusikia ukivuta pumzi. Ilipofika zamu yako hukuuliza wala hukufikiri. Ulisema kumi na nane, kwa sababu serikali haikukubali chini ya hapo. Karani akanitazama mimi, nimeshika sketi yako, miaka tisa kamili na meno makubwa ya mbele. "Na huyu?" Ukasema, "Huyu ni wa kwetu." Nikala mandazi mawili, sikusema neno.

Nilipochukua kadi yangu ya kwanza hakuna aliyelinganisha kitu. Karani wa enzi hizo alikutazama usoni, akaandika. Nasi watoto wako hatukupiga hesabu kamwe, maana nani hukaa chini kupiga hesabu ya mama yake? Tulijua tu kwamba hospitalini, daktari akiuliza umri, unamjibu "andika mtu mzima". Hata kwenye kijitabu cha mpango wa mazishi ulituagiza tusiweke mwaka wa kuzaliwa. Mama Nyawira aliusoma ule mpango siku ile tukikuzika, akaugeuza nyuma, akavaa miwani akausoma tena. Nilidhani anakulilia. Alikuwa akitafuta mwaka.

Kijana wa dirishani alinipa njia moja. Niende kwa chifu, nikae mbele ya wazee wa kuhakiki, na mtu wa rika lako anayekujua tangu utoto aseme umri wako wa kweli. Chifu aandike na kupiga muhuri. Rika lako, mama! Karibu wote mko huko pamoja. Aliyebaki ni mmoja tu, anakaa kwenye hiyo kamati ya wazee, na unamjua.

Nilienda na shali na kiburi chako. Watu walikuwa wamejaa kwenye viti vya mbao nje ya ofisi ya chifu, wengine kwa shida zao, wengine kwa kutazama za wenzao. Chifu ni kijana, mpole, anaita kila mwanamke mama. Aliisoma ile shida kwa sauti, na watu wakaguna kwa raha. Kisha akamgeukia Mama Nyawira.

"Mama, wewe ulikuwa unajuana na marehemu. Mlikuwa rika moja?"

Niliona akihesabu. Akisema ndiyo, basi kadi yake mwenyewe ni uongo mbele ya kijiji kizima. Alijifunga shuka vizuri.

"Nyaguthii? Aaa, Nyaguthii alikuwa mkubwa sana kwangu. Mimi nilikuwa katoto. Siwezi jua mambo ya watu wazima."

Ati katoto! Mama, kwenye picha ya harusi yako, ile iliyo ukutani sebuleni, amesimama kando yako amevaa viatu virefu na kushika maua. Kwa hesabu ya kadi yako, uliolewa ukiwa darasa la pili, na msimamizi wako alikuwa wa darasa la tatu. Nilimfikiria yule kijana aliyeniambia mimi si mtoto wako. Nikafikiria debe letu likikaliwa na mtu ambaye hata hajui kuchagua nduma. Nikasimama.

Unakumbuka, mteja alipokwaruza nduma zako kwa ukucha halafu akasema ni za maji? Hukumtukana. Ulivua kitambaa cha kichwa, ukakikunja mara mbili, ukakilaza juu ya gunia, ukakinyoosha kwa kiganja kana kwamba unakipiga pasi. Wenzako walianza kusogeza vikapu vyao. Ndipo ulipoanza kusema, polepole, na mteja akaondoka amenunua kilo tano asizozitaka. Mimi nilikuwa nikiona aibu hadi nikajificha nyuma ya magunia. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mama Nyawira," nilianza, "hebu tuongee hiyo harusi..."

Sikumaliza. Alikuwa amenitolea macho, mkono mdomoni, na watu wote kwenye viti walikuwa wamenyoosha shingo. Nikatazama wanapotazama. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa mezani kwa chifu, juu ya faili zake, kimekunjwa mara mbili, na kiganja changu kilikuwa bado kinakinyoosha. Wallahi sikumbuki kukivua, na wewe ungenikaripia kwa kuapa hivyo na mimi ni wa kanisa.

"Ngai!" akasema Mama Nyawira. "Rudisha hiyo kitambaa kwa kichwa. Tafadhali. Umeniletea yeye mzima mzima."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akajipangusa kwa pindo la shuka. Kisha akasimama, na unajua anavyosimama siku hizi, kwa mafungu.

"Chifu, andika. Huyu ni wa Nyaguthii, hata mkitaka damu. Na Nyaguthii nilimjua akiwa kitu kidogo hivi. Mimi ndio nilikuwa nambeba mgongoni tukivuka mto, maana alikuwa anaogopa maji. Mimi ndio mkubwa. Andika nimempita na miaka tatu."

"Na kadi yako, mama?" chifu akauliza kwa upole.

"Kadi yangu ni uongo. Ni mimi nilianza. Nilisema kumi na tisa nikiwa na thelathini na moja, yeye akasikia, akapunguza moja zaidi."

Mahali pote palipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama Nyawira! Kumbe hata pesa ya wazee umekuwa ukikosa bure!"

"Nilikuwa nangoja Nyaguthii akubali kwanza," alijibu. Kisha akaniangalia mimi, sauti ikashuka. "Na sasa ameenda bila kukubali."

Mama, nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha wiki nzima, na ikaniishia hapo hapo. Nilimshika mkono. Ni mwepesi, mkono wake. Nimekukosa siku nyingi, lakini sijawahi kukukosa namna ile, mbele ya chifu, na kitambaa mkononi.

Nafasi ya sokoni tumebaki nayo. Kijana wa dirishani aliisoma barua ya chifu, akaandika mwaka wako mpya, akangoja. "System imekubali, mathe," akasema, kama mtu anayetangaza kwamba mtoto amezaliwa. Kadi ilitoka siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Kwenye picha nimekunja uso. Kila aliyeiona amesema ni wewe.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Mama Nyawira kurekebisha ya kwake. Alipofika dirishani, kijana akamwomba alete kadi ya mama yake mzazi. Mama yake, ambaye akiwa hai leo angekuwa kivutio cha watalii! Mama Nyawira alinigeukia kidogo, akapeleka mkono kichwani, akaanza kufungua kitambaa. Nilimwambia yule kijana asogeze faili zake.

Kuna jambo moja nimebaki nalo, na ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukuombea tu. Pasta alisema kaburini kwamba umeitwa mapema, nasi tukalilia hiyo mapema kwa miaka. Wangari mdogo wangu hadi leo husema hukula maisha yako. Lakini kwa barua ya chifu, mama, ulikuwa umekula chumvi kuliko tulivyojua. Ile miaka uliyoificha uliishi kweli. Ulilima, ukacheka, ukagombana na watu pale langoni, nasi tukailia kama iliyokosekana. Nilimpigia Wangari simu nikamweleza, akasema, "Kwa hivyo alituibia kilio?" Tukacheka hadi salio likaisha.

Lala salama, mama yangu. Nikija kung'oa magugu mwezi ujao nitakuletea nakala ya ile barua, niisome kwa sauti pale nyuma ya migomba, hasa ule mstari wa katikati unaosema Mama Nyawira ndiye mkubwa. Ameutia sahihi yeye mwenyewe. Umeshinda.

Ni mimi mwanao, wa kwenu,
uliyenizaa ukiwa mtu mzima, na muhuri upo,
Wangechi