Mutumbwi Wangu na Vita ya Dorica

Nchelenge, 17 Juni 1956

Mwana wangu Mukuka, pamoja na muke wako Ngosa,

Muko wazima? Mimi ninaamka, ninatembea, goti la kushoto tu linanisumbua nikipiga magoti kanisani. Mukuka, umeacha kukohoa? Ngosa, unakula? Usinyanyue ndoo. Ukiona ndoo, ita mume wako.

Ulisema niandike mu Swahili kusudi usome mbele ya mwalimu wako wa masomo ya jioni. Basi avumilie makosa, mimi shule niliona miaka miwili tu.

Anataka kujua kwa nini Kongo, iliyokuwa haitaki vita ya 1914, iliingia mule. Nilimuuliza yama wako Misheck, kaka yangu, sababu wakati ule alikuwa kijana wa kukata kuni za meli kule ziwa Tanganyika. Aliomba tumbako kwanza. Anasema wakubwa wa Kongo walisema wao hawamo, wengine wapigane wenyewe. Halafu Wajerumani wakakuja na meli yao, wakavunja mitumbwi pale pembeni ya ziwa, wakakata na waya wa simu. Aliona mitumbwi ile kwa macho yake, imepasuka kama maboga. Tangu siku ile hakuna muzungu aliyesema tena hatumo, na yeye Misheck akabebeshwa muzigo kichwani mpaka shingo ikaingia mu mabega. Mwandikie mwalimu vile.

Lakini swali lake lilinichoma, mwana wangu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nje ya vita, na sasa nimo.

Siku ile ulipopanda lori kuondoka uliniomba nisijiingize mu magomvi ya wanawake wa hapa ziwani, nikakubali. Sasa mama mukwe wako Dorica na Olipa wanagombania lile jiwe kubwa la kuanikia. Dorica anaanika samaki, Olipa anaanika mihogo. Olipa alisema samaki za Dorica zimekonda mpaka nzi wanakuja kulia kilio. Dorica akajibu kwamba harufu ya mihogo ya Olipa imehamisha viboko wote mpaka Puta. Muji ukagawanyika, hata kwaya: upande huu wakianza wimbo, upande ule wanakohoa.

Miezi miwili mimi nilisalimia wote. Nilichota maji saa sita ya mchana, jua kali, kusudi nisikutane na mutu. Waliniita Mama Katikati. Niliitika.

Halafu barua yenu ikafika, kwamba Ngosa atakuja mwezi wa nane kuzaa kwa mama yake, sawa na desturi yetu. Nililia kwa furaha. Yenga iliyofuata, siku ya kusali, Dorica alisimama mulangoni mwa kanisa akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba aliyekunja mikono wakati wa vita yake asifikiri atapita mulango wake kuona mutoto. Hakutaja jina. Lakini nani mwingine alikunja mikono?

Siku ya tatu mutumbwi wangu ulionekana una tundu. Nilipiga kelele kwamba ni watu wa Olipa. Nikachukua mutwangio, nikaenda kwenye jiwe, nikamwaga mihogo ya Olipa mu ziwa, vikapu vitatu. Wanawake wa Dorica walipiga vigelegele, yeye mwenyewe akanikumbatia akaniita dada. Nilikula kwake siku ile, nyama ya kuku. Sitadanganya: ilikuwa tamu.

Mukuka, kutoka hapa usimusomee mwalimu.

Mitumbwi ya Tanganyika ilivunjwa kweli, Misheck aliiona. Mutumbwi wangu hakuna aliyeuvunja. Niliupiga mimi mwenyewe kwenye mawe, nikirudi kutoka Chisenga kuuza samaki, nikiwa ninawaza mutoto wenu badala ya kuangalia mbele. Nilikuwa nimekwisha kuchagua upande siku ya mulango wa kanisa. Nilikosa sababu tu, na tundu likanipa.

Sasa mukubwa wa muji ametuita siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, na wote wanasema aliyevunja mutumbwi ni Bwembya, mutoto mukubwa wa Olipa. Kijana amekataa, hawamwamini. Na bado kila asubuhi anakuja kuziba tundu langu kwa bati na lami, kusudi mama yake apate amani. Anapiga mluzi. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Sijalala, mwana wangu.

Nimeamua. Posho nitasimama mbele ya wote na kusema ni mimi. Mihogo nitairudisha, vikapu vitatu na kimoja cha kuomba radhi. Olipa atacheka mwaka mzima, acha acheke. Ninaogopa Dorica tu. Nitakuwa nimemwaibisha mbele ya muji, na mulango ni wake.

Basi wewe Ngosa, binti yangu, sikuombi ugombane na mama yako. Ninaomba kimoja: siku ile, mutoto akilia mara ya kwanza, sukuma dirisha kidogo. Nitakuwa nje ukutani, nitasikia.

Watu wa hapa wote wanawataja kila siku, hata wasiosalimiana wao kwa wao. Mungu awafunike, na muvae nguo za baridi.

Mimi mama yenu,
Eneless, BanaMukuka