Sahani Isiyokuwa na Seli

Dunedin, Nyuzilandi
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Lachlan,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Miwili ya kwanza nilizidiwa na kazi. Mitatu iliyofuata nilikuwa na aibu. Goti lako linaendeleaje? Na mkeo Una, amepona kikohozi? Mimi ni mzima, ila baridi imewahi mwaka huu na bomba la jikoni limeganda mara mbili.

Aibu yangu inatokana na ile rangi niliyokusifia mwezi wa Januari. Huingia ndani ya seli ya moyo iliyo hai, na ikikutana na gesi ambayo seli hupelekeana kama ujumbe, hung'aa kijani chini ya hadubini. Iling'aa kweli. Kwa desturi ya maabara yetu, anayeiona nuru kwanza huleta mikate ya jibini wakati wa chai. Mtafiti mwenzangu, Mereana, kijana aniitaye shangazi kwa heshima, alileta trei mbili. Tulikula, tukaandika makala, tukaipeleka kwenye jarida.

Mwezi wa Machi, nikiwa naosha vyombo vya maabara, nilibakiwa na sahani yenye rangi tu, bila seli hata moja. Niliiweka chini ya hadubini. Iling'aa vilevile, na kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyozidi. Taa ya hadubini yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiiwasha, si gesi ya seli. Sahani hiyo ilipaswa kutazamwa siku ya kwanza. Sisi tulikimbilia mikate.

Mkataba wa Mereana unakwisha Agosti, na makala hiyo ndiyo iliyokuwa imwongezee miaka miwili. Nilipomwonyesha sahani hiyo, aliniambia, "Shangazi, jarida limeshakubali. Nani atahangaika kutazama sahani tupu?"

"Nimeshaitazama mimi," nilimjibu.

Alisema heri angepangiwa kazi na bibi mwenye macho mabovu. Kesho yake alinitangulia kazini. Barua ya kuiondoa makala alikuwa ameshaiandika. Ilibaki sahihi yangu tu.

Sasa tunarudia kila kitu. Taa tumeipunguza, na kila sahani ya seli ina nyingine isiyo na seli pembeni yake. Juzi seli ziling'aa kidogo, na ile nyingine ikabaki giza. Nimekataza mikate hadi tuone hivyo mara kumi. Tumefika nne.

Nimemwambia mkuu wetu kwamba kosa ni la aliyeitengeneza rangi, yaani mimi, na kwamba Mereana anastahili kuongezewa muda. Atanijibu Ijumaa.

Nisalimie Una, na mwanenu Torquil umwambie anyoshe mwandiko. Mola awakinge na pepo kali za huko visiwani Shetland. Jibu la Ijumaa nitakuandikia siku hiyohiyo, liwe jema au baya.

Dada yako akupendaye daima,
Ishbel