Pale Palipoandikwa "Subirini"

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi Pasiansi, ukumbi wa kanisa. Mvua juu ya bati, hatusikiani. Tuko watano na kipande kipya cha muziki alichotunga mume wangu. Tumekwama palepale. Katikati kuna nafasi tupu, hakuna noti hata moja, juu yake kaandika "Subirini". Basi. Tusubiri kwa muda gani? Nilimuuliza alipokimaliza, akacheka, akasema ataeleza siku ya mazoezi. Kiharusi kikamwahi. Sasa hasemi.

Alhamisi, 6 Machi
Deus wa klarineti kaja nyumbani na karatasi zake. Shikamoo mwalimu, kisha maswali. Tulikubaliana mume wangu akifumba macho ni ndiyo. Kafumba kwa "kidogo tu". Kafumba kwa "muda mrefu". Kafumba pia nilipouliza kama anataka chai. Deus akalia barazani, nikambembeleza. Mimi ananibembeleza nani?

Ijumaa, 7 Machi
Namkasirikia. Mtu kapanga kila ninavyovuta upinde kwenye nyuzi za selo yangu, hili moja kaliacha. Namlisha uji hivyo hivyo. Daktari kasema tusitegemee mengi. Nataka akisikie kipande chake kikiwa sawa, mara moja tu. Siwezi hata hilo.

Jumapili, 9 Machi
Onyesho. Tulimweka mbele, kwenye kiti cha magurudumu, na koti lake la harusi. Shemeji zangu wa Nyakato waliuliza mwimbaji anaingia saa ngapi.

Tukafika pale pa "Subirini". Tukanyamaza. Nilimtazama yeye tu, nikingoja ishara. Hakuna. Watu wakaanza kugeukiana, wakadhani tumesahau. Mama mmoja nyuma akasema kwa upole, "Msiogope wanangu, Bwana yupo. Endeleeni tu." Akaanza kupiga makofi, kama kwaya inapokwama ibadani. Ukumbi mzima ukamfuata, na vigelegele juu. Hakuna aliyetucheka. Walitutia moyo, ndiyo maana siwezi hata kuwalaumu.

Mkono wa mume wangu, ule usiopooza, ulikuwa unapigapiga paja. Sijui alikuwa anafuatisha makofi au anawanyamazisha. Deus kanitazama. Nikainua upinde, tukaendelea.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwogesha, nimemkalisha dirishani. Ziwa limetulia leo. Nikachukua selo, nikampigia peke yangu, taratibu, mpaka kwenye nafasi ile. Nikashusha upinde. Alinitazama, nami nikamtazama. Hakufumba macho. Tulikaa hivyo, tukisubiri, mpaka chai yake ikapoa.