Chozi la Simba wa Bucha

Jumatatu, 3 Machi
Iwekwe kwenye kumbukumbu: leo, saa tatu na robo asubuhi, mimi mchora mabango nimetangaza rasmi vita kwa ajili ya tone moja la rangi.

Simba wangu — yule mwenye aproni na kisu, niliyemchora ukutani kwa mwenye bucha — kaonekana ng'ambo ya barabara, ukutani kwa bucha nyingine. Aproni ileile. Tabasamu lilelile. Kachorwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hata tone jekundu chini ya jicho la kushoto kalinakili! Langu lilinidondoka tu, likakauka kabla sijalifuta. Mwizi mwenye akili angeliacha. Huyu kalichora kwa brashi ndogo, taratibu.

Nimefurahi sana. Ushahidi huo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfuata kazini. Kaendelea kukoroga rangi kana kwamba ameingia nzi. Eti simba ni wa Mungu na aproni zinauzwa dukani. Nikamuuliza, na tone je?

"Shemeji, siku ile ngazi nilishika mimi. Nikapiga chafya, ukadondosha. Hilo chozi ni langu."

Chozi! Kumbe lina jina.

Mke wangu kanimiminia chai. Kikombe cha pili ndipo kasema watu wanampendea simba chozi lake. Bila chozi ni paka aliyenenepa. Nimenuna mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Wenye bucha wameungana: wanataka simba yuleyule kwenye maduka yao yote manane. Kesho saa nne mwenyekiti wa chama chetu cha wachora mabango atazilinganisha kuta mbili, aamue nani mwenye simba. Atakayeshindwa hamchori tena. Mimi nitajulikana kwa nini — kwa mishale ya kuonyesha choo?

Shemeji kapita dirishani. Kanisalimia kwa adabu zote, kisha kauliza kama nitapata nafasi ya kumshikia ngazi.

Simba wangu amepauka kwa jua la miaka miwili. Wake bado ananuka rangi. Hapo mkubwa nani? Kinachohitajika ni macho tu.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimekalia kreti nje ya bucha. Mwenyekiti kaja na miwani. Shemeji kaja na suti, mjinga yule. Mwenye bucha katoka na ndoo, kasema kachoka kuona ugomvi wetu ukimfukuzia wateja, kwa hiyo ukuta wake kaupaka chokaa tangu alfajiri.

Mwenyekiti kageukia ng'ambo. Mtaa mzima umebaki na simba mmoja.