Eggert Yuko Upande Gani?

Jumatatu, 1 Septemba 1636
Nimehama jeshi tena. Kwanza Wadenmaki, kisha Waswidi, sasa adui yao, Kaizari wa Wajerumani. Leo nimekula kiapo mbele ya bendera mpya, nikafungwa kitambaa chekundu kifuani. Kile cha buluu cha Waswidi nimekitupa mtoni. Nyumbani Pomerania wataniita kigeugeu. Waniite! Sikumfuata Kaizari mimi. Nimemfuata Eggert Ravenhorst, kapteni wa jeshi hili. Miaka yote nimemlenga kutoka ng'ambo ya uwanja, nisimpate. Bora nikae naye kambi moja, nimtemee mate usoni, tutoke wawili tu, tupigane kwa panga.

Detlev, mdogo wangu, alizidiwa vitani, akamkabidhi upanga wake. Eggert akaupokea – kisha akamchoma nao, akamuua! Upanga ukishapokelewa, mtu amesalimika. Hata mwizi wa farasi anajua hilo.

Jumatano, 3 Septemba
Laana! Eggert hayupo! Mewes, sajenti wangu, nusura aanguke kwa kicheko aliponijibu: Ravenhorst? Waswidi walimkamata mwezi uliopita, kapteni, naye kashavaa kitambaa chao. Mmepishana njiani!

Nimevunja kiti.

Ijumaa, 12 Septemba
Mvua. Mkate una ukungu. Mewes anasema nimsamehe huyo mtu, nyongo itanipasuka. Nikamuuliza kama ana ndugu. Anao, wote wazima. Basi nyamaza, nikamwambia.

Jumamosi, 20 Septemba
Waswidi wako kijijini, ng'ambo ya kijito. Na Eggert yumo! Mateka mmoja kamwona kwa macho yake. Kesho tunawavamia. Nguo zetu na zao ni zilezile, na vitambaa havionekani vizuri katika moshi, kwa hiyo kila mtu achomeke tawi la mwaloni kofiani, tusiuane wenyewe kwa wenyewe. Upanga nimeunoa, nikaunoa tena. Nataka kwanza auone uso wangu. Alisikie jina la Detlev. Halafu nimmalize.

Jumapili, 21 Septemba, mchana
Tumeshinda. Kijitoni afisa mmoja kapiga magoti mbele ya farasi wangu, kichwa wazi, uso mzima matope na damu. Kanigeuzia mpini wa upanga wake. Nikaupokea. Mazoea haya – mkono unapokea wenyewe! Nikatamka mbele ya watu kwamba amesalimika. Mewes akammwagia maji usoni.

Ni yeye!

Afisa mateka hula na aliyemkamata. Basi yuko hapa hemani mwangu, anakunywa mchuzi wangu wa kabichi. Anapuliza, anakunywa. Hanijui. Ananishukuru kila akimeza, bwana mwema, bwana mwema. Namchukia mpaka meno yanauma. Mewes kasimama mlangoni, ananiangalia mimi, si yeye. "Umeshaupokea, kapteni," ananong'ona. Kwani sijui?

Upanga wake uko mapajani mwangu. Ndiyo kwanza nauangalia vizuri. Mpini una pengo. Pengo hili nalijua – Detlev aliubamiza kwenye kisima cha nyumbani, baba akamchapa, akalia mpaka akalala. Miaka yote hii Eggert amekuwa akitembea nao kiunoni!

Naandika ili mkono uwe na kazi.

Ananyoosha bakuli, anaomba nyongeza. Nimemwongezea. Sasa anataka kujua aliyemwokoa anaitwa nani, amwombee kwa Mungu. Mewes anatikisa kichwa, nisiseme.

Nimesema. Joachim Kremzow, kaka yake Detlev.

Kijiko kimemponyoka. Mewes anasogea. Bado naandika, maana nikiiweka tu kalamu hii chini –